Mwalimu Hujifunzia Darasani

Septemba 2021 Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya, TSC, ilizindua mpango wa lazima wa kuwaendeleza walimu kitaaluma. Kila mwalimu aliyesajiliwa alitakiwa kupitia moduli 6, kila moja ikichukua miaka 5, hivyo mzunguko mzima ukawa wa miaka 30. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Mafunzo yalikabidhiwa taasisi 4: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI, taasisi ya serikali inayofundisha usimamizi wa elimu. Aliyemaliza moduli angehuisha cheti chake cha kufundisha. Asiyemaliza angekiweka cheti hicho hatarini.

Kabla mwaka haujatimia, tarehe 1 Julai 2022, Japani iliufuta mpango wake uliofanana na huo. Tangu 2009 mwalimu wa Japani alikuwa akishika leseni ya miaka 10, na ili aihuishe ilimbidi ahudhurie kozi za saa 30 au zaidi, kwa fedha zake na kwa muda wake wa mapumziko. Baada ya miaka 13 serikali ya nchi ile ilikiri kwamba mzigo ulikuwa mzito kwa walimu, na kwamba shule zilikosa walimu wa kujaza nafasi kwa sababu leseni za wengine zilikwisha muda. Bunge likapitisha sheria, kanuni ikaondoka.

Nayataja matukio haya mawili pamoja kwa sababu Japani imewahi kuingia darasani mwangu. Nilifundisha shule za msingi katika kaunti ya Kilifi tangu mwisho wa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu, na baadhi ya mambo bora niliyojifunza kuhusu kazi hii yalitufikia kwa mkono wa nchi hiyo. Inaniuma kuona kwamba mwalimu wetu alibebeshwa mzigo ambao wenzetu wameubeba, wakaupima na kuutua. Nataka tuutue na sisi. Nataka pia mwalimu ajifunze kila mwaka wa utumishi wake, na nitaeleza kwa nini mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Nilitoka Chuo cha Ualimu cha Shanzu na cheti cha P1 wakati mtaala wa 8-4-4, ulioanza Januari 1985, ungali mgeni kwa walimu na wazazi. Shule yangu ya kwanza ilikuwa bara, upande wa Ganze, mahali ambapo mvua ikikosa mwaka mmoja watoto hupungua darasani mwaka unaofuata. Nilipewa darasa la kwanza. Watoto walizungumza Kigiriama nyumbani, Kiswahili walikisikia sokoni, na Kiingereza walikuwa hawajakisikia popote. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne au watano, na anayekaa upande wa juu wa kitabu alijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini.

Siku hizo kila eneo lilikuwa na mshauri wa walimu aliyetoka katika kituo cha walimu, kile tulichokiita TAC. Wetu alikuja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwamkia mwalimu mkuu, akakataa chai, akaja moja kwa moja kuketi nyuma ya darasa langu kwenye dawati la mtoto. Alikaa somo zima bila kuandika kitu. Watoto walisoma ukurasa mzima kwa sauti moja, kama shule nyingi zilivyofundisha wakati ule. Kengele ilipolia alimwita mtoto wa karibu na dirisha, akafunika ukurasa kwa kiganja, akaacha neno moja tu katikati. Mtoto alinyamaza. Akamwita wa pili, wa tatu. Kisha akanigeukia.

“Mwalimu, hawa wanaimba vizuri sana,” akaniambia. “Sasa tuwafundishe kusoma.”

Jioni ile tulikaa chini ya mwembe tukakata maboksi ya sabuni kuwa kadi. Tukaandika silabi upande mmoja, upande wa pili tukachora vitu ambavyo watoto wa pale wanavijua: mbuzi, mtungi, jembe, nazi. Alinionyesha namna ya kuwagawa watoto katika vikundi ili wale wanaojua wawasaidie wasiojua, huku mimi nikibaki na wale wa nyuma kabisa. Mwezi uliofuata alirudi. Akawaita watoto walewale. Yule wa dirishani alisoma maneno yote aliyoonyeshwa, na mshauri akamshika mkono kama anavyomshika mtu mzima.

Ziara zile hazikunipa cheti. Hazikuingia katika faili yangu, wala hazikuniongezea mshahara. Lakini kila mtoto wa darasa la kwanza aliyepita mikononi mwangu baada ya hapo alifaidika nazo. Mshauri yule alinifuata nilipo, alizungumza juu ya watoto niliokuwa nao siku ile, na alirudi kuona kama tulilokubaliana limefanyika. Tangu wakati huo kila mafunzo niliyopewa nimeyapima kwa mambo hayo matatu, na kipimo hicho hakijaniangusha.

Katika miaka ya 1990 nilihamia shule nyingine, karibu na barabara kuu. Pale nilimkuta mwalimu wa kike mwenye umri wa mama yangu ambaye wazazi walishindana kuwaingiza watoto wao darasani mwake. Alijua kumtuliza mtoto anayelia siku ya kwanza na kumfanya apende shule kabla ya mapumziko ya saa nne. Alijua mtoto gani hajala. Hisabati aliifundisha kwa mbegu za ukwaju na vifuu vya nazi, na watoto wake walikuwa wakijumlisha na kutoa kabla madarasa mengine hayajamaliza kuhesabu. Aliingia kazini akiwa mwalimu wa daraja la P3, lililo chini ya P1, na ili apande ilimpasa afanye mitihani ya kitaifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika masomo ambayo hakuyafundisha na asingeyafundisha kamwe. Alijaribu, akashindwa na hesabu za kidato cha nne. Vijana tuliomkuta pale, ambao tulikuwa tukienda kuchungulia dirishani mwake tujifunze, tulilipwa zaidi yake.

Mama yule alistaafu akiwa karibu na ngazi ya chini kabisa. Hakuna ofisa aliyemwonea kwa chuki. Waliomshughulikia walifuata kanuni, na kanuni ilijua kusoma karatasi tu. Ilimwona mwalimu bora wa shule nzima, ikamhesabu kuwa hajajiendeleza.

Baadaye mkondo uligeuka ukawa wa stashahada na shahada. Utaratibu wa kupandishwa cheo ulimpa nafuu mwenye karatasi ya juu, basi walimu wakamiminika vyuoni kila likizo. Niliwaona wenzangu wakichukua mkopo wa sacco mmoja juu ya mwingine, Aprili, Agosti na Desemba wakilala katika vyumba vya kupanga Mombasa au Nairobi. Wengine walisoma mambo yaliyowafaa darasani. Wengine walichukua kozi yoyote iliyokuwa na nafasi na ada nafuu, kwa kuwa kilichotafutwa ni cheti. Siwalaumu hata kidogo. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hufuata njia ambayo serikali imemwambia inaelekea kwenye mshahara bora. Kisha mwaka 2018 ukaja mwongozo mpya wa kupanda ngazi kuchukua nafasi ya utaratibu wa zamani, na wengi waliokuwa wangali wanalipa mikopo ya shahada wakakuta shahada hiyo haiwafikishi tena walikoahidiwa.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la kanuni za namna hii. Huzeeka haraka, na zikizeeka hazimwumizi aliyezitunga. Humwumiza mwalimu aliyezitii.

Wakati kanuni zikihesabu vyeti, madarasa yalikuwa yakibadilika kwa kasi. Januari 2003 serikali mpya ilifuta karo ya shule za msingi. Nchini kote wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Kwetu walikuja vijana wa miaka 13 na 14 kuanza darasa la kwanza, wakaketi na watoto wa miaka 6. Huko Eldoret, mwaka 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijulikana dunia nzima kwa kuanza shule akiwa na miaka 84. Dunia ilimpiga picha Maruge, na ilifaa. Lakini mwalimu aliyekuwa mbele ya darasa la wanafunzi 100 na zaidi alihitaji mtu wa kukaa naye na kumwambia: hivi ndivyo unavyowapanga, hivi ndivyo unavyosahihisha madaftari 100 bila kufa, hivi ndivyo unavyomfundisha kijana mwenye ndevu bila kumwaibisha. Hayo hatukuyapata katika kozi yoyote iliyokuwa ikihesabiwa kwa kupanda cheo. Tulifundishana wenyewe, jioni, katika ofisi ya walimu.

Sasa niieleze Japani. Mwaka 1998 Kenya na shirika la maendeleo la Japani, JICA, zilianza mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili, uliojulikana kama SMASSE. Ulianza katika wilaya chache za majaribio, ukaenea nchi nzima kuanzia 2003, na kituo chake, CEMASTEA, kipo Karen, Nairobi. Mwaka 2009 ulifika shule za msingi. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kukumbuka: mtoto atende, mtoto awe katikati ya somo, majaribio yafanyike, na vifaa vibuniwe kwa vilivyopo. Mwalimu naye apange, atende, atazame, kisha aboreshe.

Neno lililonigusa zaidi ni lile la kutazama. Walimu wa Japani wana desturi ya zaidi ya miaka 100 ya kuandaa somo pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine huketi pembeni kuwatazama wanafunzi, kisha wote hukaa kulijadili. Sisi wa shule za jirani tuliijaribu. Tuliandaa somo la kutenganisha chumvi na maji, tukaagiza maji ya bahari kwenye madumu, tukaazima jiko na sufuria kwa mama wa chakula cha shule. Mwenzetu mmoja alifundisha, nasi tukatawanyika pembeni, kila mtu akipewa kikundi cha watoto wa kuwatazama.

Somo lilikwenda vizuri kwa macho ya aliyekuwa mbele. Mikono ilipanda, majibu yalikuwa sahihi. Lakini tulipokaa kujadili, mwalimu mmoja alisema aliyoyaona katika kona yake. Msichana aliyejibu vizuri kuliko wote hakuiona chumvi ikibaki chini ya sufuria. Wavulana warefu walikuwa wamesimama mbele yake muda wote. Alijibu kwa sababu alikuwa amesoma jibu kitabuni jana yake. Mwingine akasema kikundi chake chote kiliamini kwamba chumvi imetengenezwa na moto. Tuliandaa somo upya: sufuria ndogo nne badala ya moja kubwa, kila mtoto aonje maji kabla na kuonja kilichobaki baadaye, wasichana wakae mbele. Lilipofundishwa tena katika shule ya pili, swali la moto waliliuliza watoto wenyewe, wakalijibu wenyewe.

Nimekaa katika semina nyingi za hoteli na za kumbi za shule. Hakuna iliyonifundisha kwa kiasi cha kikao kile cha walimu wachache wenye chaki mikononi. Nacho pia kilikuwa na udhaifu katika namna kilivyosambazwa: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, wa wilaya wakafunza wa chini yao, na kila hatua kitu kilipungua. Mradi ulipokosa fedha za nauli, vikao vikapungua. Lakini mbegu ilikuwa njema, na ilitoka katika nchi ileile ambayo mwaka 2022 ilizifuta kozi za lazima za saa 30.

Mwaka 2015 nilishuhudia jambo jingine. Mpango wa kusoma wa Tusome, uliofadhiliwa na Marekani, ulisambazwa katika shule za umma kote nchini. Mtoto alipata kitabu chake mwenyewe, na mwalimu akapata mwongozo wa kila somo. Wale washauri wa zamani wa TAC walikuwa wamebadilishwa jina kuwa maofisa wa kusaidia mtaala, na sasa walikuja na tableti. Ofisa wetu aliketi nyuma ya darasa, akatazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma mmoja mmoja, kisha akakaa nami kuniambia alichokiona. Sikuhitaji kuelezwa maana yake. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe ule miaka mingi nyuma.

Afrika Kusini wamelipima jambo hili kwa uangalifu. Katika Mkoa wa Kaskazini Magharibi, watafiti waliwapa walimu wa madarasa ya chini vitabu na maandalio ya masomo yaleyale, lakini kwa njia mbili. Kundi moja la walimu liliitwa kwenye kituo kufunzwa. Kundi la pili lilifuatwa shuleni na wakufunzi waliowatembelea darasani. Mpango uliwaongezea watoto wa kundi la pili ujuzi wa kusoma karibu mara mbili ya ulivyowaongezea watoto wa kundi la kwanza. Nilipousoma utafiti huo sikushangaa. Nilifurahi kwamba jambo ambalo walimu tumelijua kwa uzoefu sasa lina hesabu zake.

Basi turudi kwenye mpango wa 2021 tuupime kwa vigezo vile vitatu. Je, unamfuata mwalimu alipo? Unampeleka kwenye taasisi iliyoteuliwa, wakati wa likizo au mtandaoni, na huko bara kuna mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda kilima. Je, unazungumza juu ya watoto alionao? Moduli ni ileile kwa mwalimu wa chekechea wa Lodwar na mwalimu wa fizikia wa Nyeri. Je, kuna anayerudi kuona mabadiliko? Anayerudi ni ankara ya mwaka unaofuata.

Katika ofisi ya walimu siku zile za 2021 mazungumzo yalikuwa mazito. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuja kwetu baada ya kusubiri ajira kwa muda mrefu, mwalimu hodari wa Kiswahili, anayewasomesha wadogo zake. Alipiga hesabu kwenye ubao wa matangazo: 6,000 mara 30 ni 180,000.

“Mwalimu, wewe unaondoka,” akaniambia kwa heshima, bila hasira. “Mimi ndiye nitakayeilipa hii mpaka nizeeke. Na Jumatatu nina darasa la watoto 70, na hakuna atakayekuja kuliona.”

Sikuwa na la kumjibu siku ile, maana alisema kweli. Juu ya hayo alikuwa tayari na fomu za tathmini ya utendaji, ile TPAD iliyoanza 2016, iliyomtaka kila muhula akusanye ushahidi wa kazi yake na kuujaza kwenye mfumo. Nimewaona walimu wakikesha kujaza fomu inayosema wameandaa masomo, muda ambao ungetosha kuyaandaa. Kanuni inayopima kujifunza kwa saa, ada na sahihi huzaa saa, ada na sahihi. Hupata inachokihesabu, na watoto hubaki walipokuwa.

Watetezi wa mpango huu wana hoja, na hoja zao zinastahili jibu la heshima. Wanasema daktari, wakili na mhandisi hujilipia mafunzo ya kuhuisha leseni, kwa nini mwalimu asijilipie? Jibu langu ni kwamba wengi katika taaluma hizo wanaweza kujipangia ada za huduma zao. Mwalimu wa shule ya umma hana mteja wa kumwongezea bei. Mwajiri wake ni mmoja, mshahara wake umepangwa, na anayefaidika na ujuzi wake mpya ni mtoto wa umma. Serikali ina chuo chake cha kuwafunza watumishi wake, na haioni ajabu kumgharamia ofisa wa utawala. Iwe hivyo kwa mwalimu.

Wanasema pia kwamba bila lazima, mwalimu mzembe hatajifunza. Wapo wazembe, nimefanya kazi nao. Lakini mzembe ndiye anayeiweza kanuni hii kuliko wote. Atalipa, ataingia mtandaoni, atapata cheti, atarudi darasani kusinzia. Mtu asiyeweza kudanganywa ni yule anayeketi nyuma ya darasa lake na kumwita mtoto wa dirishani asome neno moja. Anayetaka kumbana mzembe ampeleke mshauri huyo, na ampe mafuta ya pikipiki ili arudi.

Nini hasa kifutwe? Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kitaaluma, na kinaiachia Tume kueleza kwa kanuni namna ya kufanya hivyo. Wajibu huo ubaki. Ni wajibu wa haki, na mwalimu asiyetaka kujifunza hana haki ya kuwafundisha wengine. Kifutwe kile kinachomtaka mwalimu alipe ili abaki na cheti cha kufundisha. Ifutwe ratiba ya moduli zilezile kwa wote kwa miaka 30, muda ambao mtaala wenyewe utabadilika zaidi ya mara moja, kama tulivyouona 8-4-4 ukiondoka na mtaala wa umilisi ukiingia mwaka 2019. Na ufutwe utaratibu wa kuteua taasisi chache za kuuza mafunzo ambayo mwalimu hana hiari ya kuyakataa.

Njia ya kufanya hivyo ipo katika sheria zetu tayari. Sheria ya 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inasema kwamba kanuni hukoma yenyewe baada ya miaka 10 isipokuwa imefutwa mapema au imeongezewa muda mfupi. Naiona sheria hiyo kuwa ya hekima kubwa. Inailazimisha ofisi iliyotunga kanuni kurudi kwa wananchi na kuuliza: je, bado inafaa? Kanuni za walimu za TSC zilitungwa 2015, kwa hiyo miaka yake 10 ilitimia 2025. Kila zinapoandikwa upya, Katiba inataka umma ushirikishwe, na walimu ni sehemu ya umma. Walimu wasingoje kupelekewa waraka uliokwisha kupigwa muhuri. Vyama vyao, KNUT na KUPPET, viende na mapendekezo yaliyoandikwa, vitaje kifungu kwa kifungu kinachoondoka na kinachobaki. Na Bunge liitake Tume ionyeshe kitu kimoja kabla ya kurudisha kanuni yoyote ya mafunzo: mtoto gani amesoma vizuri zaidi kwa sababu yake?

Mahali pa kanuni iliyofutwa pasiachwe wazi. Japani ilipoondoa leseni ya miaka 10 iliweka utaratibu wa mwalimu na mkuu wake wa shule kuketi, kutazama rekodi ya mafunzo ya mwalimu na kukubaliana anachohitaji. Sisi tunaweza kufanya zaidi, kwa kuwa tayari tunao maofisa wa kusaidia mtaala nchini kote. Wapunguziwe shule ili kila moja waifikie kwa wakati, wapewe nauli ya uhakika, na kazi yao ihesabiwe kwa madarasa waliyorudi kuyaona. Kila shule itengewe alasiri moja katika ratiba rasmi, walimu waandae somo pamoja na kutazamana wakifundisha. Muda huo ndio uwe maendeleo ya kitaaluma yanayotambuliwa na Tume, bila ada. Na mwalimu ambaye wenzake huenda kuchungulia dirishani mwake atambuliwe kwa cheo na mshahara, hata kama hesabu za kidato cha nne zilimshinda.

Najua hazina itauliza fedha zitatoka wapi. Mpango wa 2021 ulizitafuta kwa mwalimu wa darasa la watoto 70. Swali ni la haki: nani anapaswa kugharamia ujuzi ambao taifa zima linauhitaji? Mimi nimelijibu kwa miaka yote ya utumishi wangu. Taifa lililoniajiri ndilo lilipe, na likilipa lije darasani lione limelipia nini. Walimu wataandaa somo zuri siku hiyo, si kwa hofu ya kupoteza cheti, bali kwa sababu hatimaye kutakuwa na mtu wa kulijadili nao.